Asparagasi ya moto mkali: kuoka, kuchoma na kukaanga bila maji

Wengi wanaosema hawaipendi asparagasi, ile mboga ya mashina marefu yanayoliwa pamoja na ncha zake, waliionja kwanza ikiwa imechemshwa: imelegea, kijani chake kimefifia, maji yanachuruzika sahanini. Siwalaumu. Karibu asilimia 93 ya mboga hii ni maji, na kuichemsha ni kuiongezea kile ambacho tayari inacho kwa wingi. Ipeleke kwenye moto mkali, mkavu, uone tofauti. Ngozi inababuka kidogo, utamu unakolea, ncha zinakauka mpaka zinatoa harufu inayokaribia ile ya njugu za kukaanga, na ukiing'ata bado ina ukakamavu. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi, na ukiijua utaacha sufuria kabatini.

Mwongozo huu una njia tatu: oveni, jiko la mkaa, na chuma kile kile unachopikia chapati. Zote zinasimama juu ya jambo moja, kwa hiyo tuanze nalo.

Adui ni maji

Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi ukiwa pwani, na karibu nyuzi 94 ukiwa Nairobi kwa sababu ya mwinuko. Mboga ikiwa imelowa juu, ngozi yake haiwezi kupanda zaidi ya hapo hadi tone la mwisho liwe mvuke. Sasa ile rangi ya kahawia na ladha ya kuchomwa tunayoitafuta inaanza kuja kwa kasi kuanzia nyuzi 140 hivi. Maana yake, kila tone ulilolisahau kwenye shina linakula muda wa moto wako, na huku nje panasubiri kukauka, ndani panaendelea kuiva. Panapokuja kubadilika rangi, katikati imeshakuwa teketeke.

Ndiyo maana utaona hapa chini narudia mambo matatu mpaka yachoshe: kausha, usirundike, na moto uwe umeshakolea kabla mboga haijaingia.

Kununua

Tazama ncha kwanza. Ziwe zimefumba, magamba yake yamelala vizuri, hazijaanza kufunguka wala kulowa. Ncha iliyolowa na kunuka ndiyo dalili ya mwisho kabisa. Usiangalie hata bei. Kisha geuza fungu utazame vitako. Vikiwa vyeupe na vimekauka kwa kukunjamana au kupasuka, mboga imekaa sana. Namna nyingine ni kusugua mashina mawili pamoja: yakiwa mabichi kweli yanalia, mlio mdogo wa kukwaruza.

Unene hauna uhusiano na ugumu, ingawa wengi wanaamini hivyo. Shina nene si shina lililozeeka. Linatoka nene ardhini, kutegemea aina ya mmea, umri wake na nguvu ya mizizi yake, na linabaki na unene huo. Kwa moto mkali mimi huchagua yenye unene wa kidole cha shahada. Yale membamba kama penseli yanaiva kabla hayajapata rangi, na ukizubaa kidogo yamekuwa nyuzi tupu. Muhimu kuliko yote ni kwamba mashina yalingane. Fungu lenye manene na membamba litakusumbua jikoni, labda uwe tayari kuyatenganisha na kuyapika kwa zamu.

Kwa walio Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, asparagasi hupatikana kwenye friji za mboga za supamaketi kubwa, na bei yake si ya kila siku. Walio Ulaya wana bahati ya msimu: kuanzia Aprili hadi Juni inajaa sokoni na bei inashuka. Ujerumani wana desturi ya kufunga msimu tarehe 24 Juni, Sikukuu ya Yohana Mbatizaji, ili mimea iachwe ikue, ijaze nguvu mizizini na izae tena mwaka unaofuata. Nje ya miezi hiyo, inayouzwa huko mara nyingi imesafiri kutoka mbali, Peru kwa mfano, na ni vizuri uikague kwa ukali zaidi.

Ukishainunua, usiiweke. Hii ni mboga inayopumua kwa kasi hata baada ya kukatwa. Inatumia sukari yake yenyewe, na nyuzi zinaanza kukomaa kutoka kitakoni kupanda juu. Ya leo na ya baada ya siku nne haziwezi kufanana utamu. Kama lazima ikae, kata kipande chembamba cha vitako, simamisha fungu kwenye bilauri yenye maji ya kina cha vidole viwili, funika juu na mfuko wa plastiki bila kuukaza, kisha weka kwenye friji. Siku mbili tatu itakuwa salama.

Kuandaa

Asparagasi hupendelea udongo wa kichanga, na mchanga hujificha kwenye magamba ya ncha. Itumbukize vichwa chini kwenye bakuli la maji baridi, itikise, iache dakika chache, halafu suuza. Mchanga ukibaki, hakuna ndimu wala chumvi itakayoficha ule mkwaruzo menoni.

Kitako lazima kitoke. Watu hufundishana kushika shina ncha zote mbili na kulipinda mpaka livunjike lenyewe, eti litavunjika pale ugumu unapoishia. Linavunjika popote mikono yako ilipolibana, na mara nyingi unatupa theluthi nzima ya mboga uliyoilipia. Mimi natumia kisu. Weka shina moja kwenye ubao, anza kukata karibu na kitako, ukipanda juu kidogo kidogo. Mahali ambapo kisu kinapita bila kukwama, bila ule ukinzani wa nyuzi, ndipo ugumu umekwisha. Kwa kawaida ni sentimita mbili hadi nne. Panga mengine sambamba na hilo, kata yote kwa pigo moja.

Mashina manene yanastahili pia kumenywa sehemu ya chini, kama theluthi moja ya urefu. Yalaze kwenye ubao ndipo umenye. Ukiyashika hewani yanakatika. Ganda la juu tu litoke, usichonge. Membamba yaache kama yalivyo.

Kuna pia asparagasi nyeupe, ile inayofukiwa na tuta la udongo ili isione jua. Hiyo ganda lake ni gumu na lina uchungu, kwa hiyo menya lote kuanzia chini ya ncha hadi kitakoni, na uipe moto wa muda mrefu zaidi, dakika 20 au zaidi. Ya zambarau nayo huvutia sana dukani, lakini rangi hiyo haivumilii joto: inageuka kijani motoni. Usilipe zaidi kwa ajili ya rangi kama unaipika.

Sasa kukausha. Tandaza taulo safi la jikoni, panga mashina mstari mmoja, yakunje humo na uyaviringishe taratibu kwa viganja. Fungua. Utaona taulo limelowa, lakini angalia kwa karibu zile ncha: bado kuna maji yamekaa kwenye mikunjo ya magamba. Bonyeza ncha kwa pembe kavu ya taulo, kisha acha mashina yakae wazi dakika kumi au kumi na tano huku oveni inapata moto. Yakiwa tayari, ngozi inafifia kidogo na vidole vinateleza juu yake bila kuacha alama ya unyevu. Hapo ndipo mafuta yanaingia, si kabla.

Kwa nusu kilo, inayotosha watu wanne kama kitoweo cha pembeni, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kinatosha. Mimina kiganjani, sugua mashina kwa mikono mpaka yote yang'ae, ncha zisisahaulike. Yakianza kuchuruzika umezidisha, na utakula mboga yenye mafuta mafuta. Aina ya mafuta ina maana yake: siagi inaungua mapema kwa sababu ya maziwa yaliyomo, na mafuta ya nazi yasiyosafishwa hutoa moshi kabla moto haujafika tunapotaka. Alizeti iliyosafishwa inavumilia. Samli inavumilia kuliko nyingi, na ladha yake inaelewana na asparagasi vizuri mno. Ukiwa nayo, usihangaike na kingine.

Chumvi itie mwisho kabisa, sekunde chache kabla ya kwenda motoni. Ukiitia mapema inavuta maji kutoka ndani na kulowesha tena kile ulichokikausha. Ndimu usiitie kabisa hatua hii. Asidi yake pamoja na joto huua kijani na kukifanya cha zaituni kilichochujuka.

Njia ya kwanza: oveni

Washa oveni nyuzi 220, au 200 kama ina feni ya kuzungusha hewa. Kwenye oveni za gesi zenye namba, ni namba 7. Ipe muda, robo saa au zaidi. Taa ya oveni nyingi ndogo za mezani huzimika mapema, hewa ndani ikiwa ya moto lakini kuta bado. Ukifungua mlango joto lote linatoka, mboga inaanza na vuguvugu.

Weka trei tupu ndani tangu mwanzo ipate moto pamoja na oveni. Trei nyeusi ya chuma ndiyo bora. Ya kioo inachelewa kushika joto, tena ikiwa ya moto usiitilie kitu kibichi ghafla. Wengine hutandika karatasi ya aluminiamu ili wasisugue trei baadaye. Sawa, ila iwe chini tu. Ukifunika juu umetengeneza chungu cha mvuke.

Toa trei kwa vitambaa vikavu, mwaga mashina juu yake. Yanapaswa kuchachatika papo hapo. Kimya kinakuambia trei haikupata moto wa kutosha. Yatandaze upesi, mstari mmoja, kati ya shina na shina pawe na nafasi ya kupitisha penseli. Hapa ndipo wapishi wengi wa nyumbani hukosea, kwa kutaka kumaliza nusu kilo kwenye trei ndogo. Mashina yakipandana, mvuke wa moja unalipika jingine. Tumia trei mbili, au oka mara mbili.

Muda unategemea unene. Ya penseli, dakika sita hadi nane. Ya kidole cha shahada, nane hadi kumi na mbili. Ya kidole gumba, kumi na mbili hadi kumi na tano. Katikati ya safari itikise trei mara moja, mashina yajigeuze yenyewe. Hakuna haja ya kuligeuza moja moja kwa koleo, na kila ukifungua mlango unalipa gharama.

Usiiamini saa peke yake. Dakika za mwisho simama karibu. Harufu inabadilika kwanza, kutoka harufu ya majani mabichi hadi kitu kitamu kinachokaribia kuungua. Tazama ncha: magamba ya pembeni yamekauka na kuwa kahawia, mengine yametengana. Kwenye ngozi kuna malengelenge madogo na mikunjo mirefu, na upande uliogusa trei umepata mstari wa rangi. Inua shina moja kwa koleo ukilishika katikati. Likibaki limenyooka, bado. Likilegea kidogo pande zote mbili, limeiva. Likining'inia kama kamba, umechelewa.

Toa upesi, hamishia kwenye sahani bapa. Ukiziacha juu ya trei ya moto zinaendelea kuiva, na ukizirundika kwenye bakuli lenye kimo zinajitokosa kwa mvuke wao.

Kwa wenye oveni ndogo ambazo haziwezi kufika nyuzi 220, oka kwa moto wa juu na chini, kisha dakika mbili za mwisho washa moto wa juu peke yake na upandishe trei karibu nao. Hapo usiondoke, hata simu ikiita.

Njia ya pili: mkaa

Hii ndiyo ninayoipenda, na kwa nyumba nyingi za kwetu ndiyo rahisi zaidi, kwa sababu jiko lipo na mara nyingi limeshawashwa kwa nyama au samaki. Ladha ya moshi inaipa asparagasi kitu ambacho oveni haina.

Subiri mkaa ushike wote na uvikwe majivu meupe. Moto wenye ndimi unapaka masizi na kuunguza ncha kabla ya kitako kupata habari. Weka kiganja juu ya wavu, kama kimo cha upana wa mkono hivi: ukiweza kuvumilia sekunde mbili au tatu tu, moto uko tayari. Ukivumilia tano, ongeza mkaa na upepee. Sukuma mkaa uwe mwingi upande mmoja na mchache upande mwingine. Vitako vielekee kwenye moto mkali, ncha kwenye moto mdogo. Watu wengi hawafanyi hivi, na ndiyo maana ncha zao ni mkaa na vitako ni vibichi.

Tatizo la mkaa ni kwamba mashina yanadondoka kwenye matundu ya wavu. Yapange kukatiza nyaya, si kufuata nyaya. Bora zaidi, tunga mashina manne au matano kwa vijiti viwili vya mishikaki, kimoja karibu na ncha na kingine karibu na kitako, yalale sambamba kama jamvi. Unaligeuza lote kwa mkono mmoja. Vijiti vya mwanzi vilowekwe maji nusu saa kwanza. Hayo ni maji pekee ninayoyakubali katika shughuli hii.

Mafuta yapungue kuliko ya oveni. Yakidondokea mkaa yanawasha ndimi, na ndimi zinaleta masizi machungu. Dakika mbili hadi nne kila upande zinatosha kwa mashina ya unene wa kidole. Alama nyeusi za wavu hapa na pale ni ladha. Shina jeusi lote ni hasara.

Ukichoma pamoja na nyama, asparagasi iwe ya mwisho. Nyama ikishatoka na kupumzika kwenye sahani, moto uliobaki ndio unaoifaa, na wavu tayari una ladha ya kuichangia. Kwenye samaki wa kubanika ni vivyo hivyo.

Njia ya tatu: chuma cha chapati

Ukiwa na jiko la gesi la sahani moja na haraka, hii inatosha. Chuma kizito kinashika joto na kulirudisha mbogani bila kupoa. Kikaango chepesi kinapoa mara tu unapotia mboga, halafu kinatoa maji badala ya kuchoma. Kile kisichoshika chakula usikitumie kwa kazi hii: utando wake ukizidi nyuzi 260 hivi huharibika na kutoa moshi usiofaa kuvutwa, na chuma tupu juu ya gesi hufika huko haraka.

Pasha chuma kikavu dakika tatu hadi nne moto mkubwa. Mashina yawe yameshapakwa mafuta. Usimimine mafuta kwenye chuma. Kata kila shina vipande viwili kama ni marefu kuliko kipenyo cha chuma, na vipande vya chini vitangulie dakika moja. Yakishalala, yaache. Dakika mbili bila kuyagusa, ndipo upande wa chini unapata rangi. Tikisa, acha tena. Jumla ni dakika tano hadi saba. Fungua dirisha, moshi utakuwepo.

Kumalizia

Mboga ikitoka motoni ndipo ndimu inapopata zamu yake: kamua nusu, chumvi kidogo tena kama inahitaji, pilipili manga iliyosagwa papo hapo. Ufuta uliokaangwa kidogo unapendeza. Kitunguu saumu kilichosagwa kinaungua kwa dakika chache tu za moto huu, kwa hiyo ukikitaka, kichanganye na samli ya vuguvugu pembeni na umwagie mwishoni. Yai la kuchemsha lililokatwakatwa, au jibini ngumu iliyokwaruzwa, linaifanya iwe mlo kamili na mkate. Mchuzi mzito wa nazi sishauri. Unarudisha unyevu wote uliohangaika kuuondoa.

Jambo moja la kuwaambia wageni mapema: baadhi ya watu, saa moja au chini ya hapo baada ya kula, husikia harufu ya ajabu kwenye mkojo. Inatokana na asidi iliyomo kwenye asparagasi ambayo mwili huivunja kuwa gesi zenye salfa. Haina madhara yoyote. Wengine hawaisikii kabisa, kwa sababu pua zao zimeumbwa hivyo kwa urithi.

Iliyobaki inakaa kwenye friji siku tatu. Usiipashe tena, itanyauka. Ikate vipande vidogo, ichanganye na mayai ya kukaanga asubuhi, au ile ya baridi na kachumbari.

Na ukiikosa sokoni, au ukaiona bei ukaondoka zako, chukua bamia changa, zisizozidi urefu wa kidole. Zioshe zikiwa nzima, zikaushe kwa bidii ile ile, samli na chumvi, nyuzi 220, dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Usizikate kabla, kwa maana ute hutoka kwenye kidonda. Maharage machanga ya maganda, yale Wakenya wanayaita mishiri, yanachukua muda kama huo huo, na kwenye jiko la mkaa yanahitaji wavu wenye matundu madogo.